Nyonga ya Twyla na Matajiri wa Alhamisi

Verlin Haskett alinyonya vyoo vya wilaya yetu kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu kazi yake. Ukimpigia simu asubuhi, mchana gari lake la majitaka liko uani kwako, bomba limeshazama shimoni. Naye amesimama kando anakula sendwichi kana kwamba yuko bustanini. Laiti angebaki na mavi ya watu wengine.

Alipofika miaka hamsini na saba, shemeji yake mmoja alimtumia video, na Verlin akaamka. Hivyo ndivyo wanavyosema watu wa video hizo, kuamka, ingawa tangu siku ile sijamwona mtu aliyelala fofofo kama yeye. Akajua maji ya bomba yanatiwa nini. Akajua kuna mahandaki chini ya miji mikubwa na nani amefungiwa humo. Akajua pia kwamba wakubwa wote watakamatwa kabla ya Pasaka. Pasaka ikaja, tukala nyama ya nguruwe na viazi, wakubwa wakala zaidi yetu. Pasaka nne zikapita hivyo.

Sasa nikwambie kitu ambacho wasomi wanakizungukazunguka. Mtu akijua siri ya dunia miaka minne na bado anaamka saa kumi na moja kwenda kunyonya vyoo, siri yenyewe inaanza kunuka. Haina mshahara. Majirani hawamsalimii kwa heshima zaidi. Watoto wake wameacha kuja Krismasi. Amepoteza marafiki, amepoteza usingizi, na malipo yake ni kujua tu. Nani anaweza kuishi kwa kujua? Ndipo moyoni inazaliwa hesabu ya mtu aliyedhulumiwa: kama wale wezi walituibia, basi mali iko mahali fulani, na siku watakapoanguka itagawanywa, na wa kwanza kwenye foleni watakuwa wale waliojua mapema. Yaani mimi. Akishafika hapo, matapeli hawahitaji hata kubisha hodi. Mlango ameufungua mwenyewe, na kahawa amepika.

Aliyeingia kwa Verlin alijiita Tai wa Alfajiri, sauti tu ndani ya simu, na habari yake ilikuwa dinari za Iraki. Leo noti ile haina maana, alisema Tai, lakini serikali mpya ya siri itakapochukua hatamu, dinari moja itakuwa karibu dola nne. Nunua milioni, uamke na mamilioni. Lini? Alhamisi. Imani inayoahidi kulipa Alhamisi haichoshi kamwe, kwa sababu kila wiki inayo Alhamisi yake.

Twyla, mke wa Verlin, hakuwa na habari na Alhamisi. Yeye alikuwa na nyonga. Mfupa ulikuwa umeisha, na kwa mwaka mzima alishuka ngazi za nyumba yake kwa matako, kidato baada ya kidato, kama mtoto anayejifunza. Bima ilikubali kulipa upasuaji isipokuwa dola elfu nane na mia saba. Hizo Twyla aliziweka mwenyewe kwa miaka sita, akishonea watu mapazia. Tarehe ilipangwa Mei. Wiki moja kabla, hospitali ikampigia simu, naye akamfuata mumewe jikoni, mkono umeshika ukuta.

"Hospitali wanasema nimeahirisha. Mimi nimeahirisha lini?"

"Nimekuahirishia mimi."

"Kwa ruhusa ya nani, we mzee?"

"Tulia, mke wangu. Mtu hakatwi mfupa kwa msumeno wakati vitanda vya kuponya viko njiani. Unalala dakika kumi na mbili, unaamka na nyonga ya msichana."

"Viko wapi hivyo vitanda?"

"Jeshi linavyo. Vinatolewa pesa zikipanda tu."

"Na pesa zangu ziko wapi?"

Verlin akafungua friza. Chini ya nyama ya kulungu, ndani ya karatasi ya kuokea, zililala dinari milioni tisa. Alizitazama kama mtu anayetazama kitoto kichanga.

"Hapo una dola milioni thelathini na nne, mama. Sema asante."

Twyla hakusema asante. Alisema neno ambalo hata mimi siliandiki.

Kwenye meza ya jikoni humohumo kulikuwa na faili la Verlin. Lazima nilieleze, maana upuuzi huu una adabu zake. Waumini wa dinari wameambiwa kwamba siku ya kubadilisha, anayekuja na mradi wa kusaidia binadamu hupewa bei ya juu. Basi kila mmoja ana faili, na kila Jumamosi asubuhi walikutana kwenye mkahawa wa mama mmoja, Odessa, kusomeana miradi yao juu ya mikate laini na mchuzi mzito wa soseji. Faili la Verlin lilikuwa na kurasa arobaini. Visima elfu moja "katika nchi ya Afrika." Nyumba za yatima mia tatu. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa kituo cha bure kwa wazee wenye maradhi ya mifupa. Aliuandika ukurasa huo huku mkewe akishuka ngazi kwa matako, hatua tano kutoka alipokaa.

Jumamosi iliyofuata tangi la majitaka la kambi ya kanisa lilifurika, Verlin akaenda kuwaokoa watoto wa shule ya Jumapili kutokana na yaliyotendwa na matumbo yao. Twyla akatoa kifurushi frizani, akaendesha gari kwa mguu mmoja mzima, akaingia kwa Odessa. Aliweka kifurushi katikati ya meza ya waumini, bado kina barafu.

"Nauza," alisema. "Zote. Nataka nyonga."

Lonnie Skaggs, aliyewahi kuuza magari yaliyotumika na bado ana meno ya kazi hiyo, akafuta mchuzi mdomoni.

"Dada Twyla, Verlin anajua?"

"Pesa ni zangu, Lonnie. Hizi ni karatasi. Nakwambia mbele ya mashahidi: ni karatasi."

Wakacheka kwa huruma. Maskini, hajaamka.

"Basi, kwa kukusaidia tu," akasema Lonnie, "mia tano kwa kila milioni."

"Aibu, Lonnie!" Deloris Fenner akadakia, dereva wa zamani wa basi la shule, mwenye mradi wa kuwahifadhi wajane. "Unamnyonya mgonjwa? Mia nane, mpenzi."

"Deloris, wewe una milioni ishirini tayari!"

"Wajane ni wengi."

"Mia tisa."

"Tai kasema ni wiki hii," akasema Twyla polepole, akivuta kifurushi kuelekea kwake. "Labda ningoje tu."

"Elfu moja na mia moja!" Lonnie alisimama hadi kiti kikaanguka. "Benki iko hapo ng'ambo. Usiondoke. Odessa, mpe kahawa, nalipa mimi!"

Watu hawa, waliokuwa tayari kugawa mabilioni kwa dunia, waligombea nyonga ya jirani yao kama mbwa wawili na ngozi ya kuku. Twyla aliondoka na dola elfu tisa na mia tisa. Mji mzima, ni yeye peke yake aliyewahi kupata faida ya dinari.

Verlin alipojua, alilia. Kisha akaenda kwa Lonnie kumwomba amuuzie japo milioni moja.

"Siuzi, ndugu yangu," Lonnie alimjibu. "Ila nitakukumbuka kwenye mradi wangu. Upande wa vyoo."

Twyla alipasuliwa mwezi Juni. Wiki ya tatu alitoka na mkongojo, akashuka ngazi za baraza akiwa wima, akaelekea barabarani. Verlin alikuwa barazani na simu yake.

"Unatembea juu ya dola milioni thelathini na nne!" alimfokea.

"Naam," Twyla alijibu bila kugeuka. "Na wala haziumi."

Akapita sanduku la barua, akaendelea.