Sakafu ya Chumba cha Kulala

Shimo alilichimba mume wangu, si mimi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kasulo, mtaa wetu wa wachimbaji, watu ni wepesi wa kusahau. Alivunja sakafu ya chumba chetu katikati, akawa anashuka na kamba na tochi, anapandisha kobalti huku mimi nikipika uji chumba cha pili. Kobalti ilipokwisha, na yeye akaondoka. Alirudi kwa mama yake, kisha akaenda kwenye tribinali kuomba talaka, na kuomba apewe binti yetu. Eti nyumba yangu ni hatari kwa mtoto. Jamani, mwenye shimo ndiye aliyenishtaki kwa shimo!

Avoka wangu, yule wakili, alinieleza kwamba kabla ya jaji kuamua, mama mmoja wa sosiali, ofisi ya ustawi wa jamii, atakuja kuangalia mtoto analala wapi. Basi shimo tukalifukia. Akina mama wa kwaya yetu walikuja na mabeseni ya udongo kichwani, tukamwaga na kushindilia kwa michi ya kutwangia, tukiimba, mpaka likajaa. Fundi akapiga simenti juu. Nilirukaruka pale na sandali zangu, nikacheka peke yangu. Nikamsuka mtoto nywele, nikamfundisha kusalimia vizuri, na kusema anakula, anasoma, anasali. Alishika yote. Nililala usingizi mzito, nikijua mtoto ni wangu.

Mama wa sosiali alikuja asubuhi, mpole, akapokea maji aliyopewa. Mtoto alijibu kila kitu kwa adabu. Kisha akaombwa aonyeshe kitanda chake.

Aliingia chumbani, akabandika mgongo ukutani, akaenda kiubavu-ubavu, kona kwa kona, mpaka kitandani. Ndivyo nilivyomfundisha tangu alipoanza kutembea, na nilimchapa ili asisahau. Yule mama alisimama mlangoni, akaitazama simenti mpya, akamtazama mtoto.

"Juu ya nini haupite katikati, mama?" alimuuliza mtoto.

"Pale tunaangukaka."

Nilikwenda kusimama katikati, nikapiga mguu chini. Nikamwambia, "Ona, iko nguvu. Kuja kwa mama."

Akaanza kulia. "Mama, toka pale. Utaanguka."

Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamnyooshea mikono. Hakuuachia ukuta. Nilikuwa nimemfundisha kila neno la kusema, na kukanyaga sakafu sikumfundisha. Mama wa sosiali hakunisema vibaya. Alinishika bega tu, akaaga.

Jaji alimpa baba mtoto. Mimi nikapewa Jumapili.

Jumapili ya kwanza sikwenda. Nilikuwa na hasira, na niliona aibu kusimama mbele ya mama mkwe. Nilikwenda iliyofuata. Nyumba yake ina sebule kubwa yenye sakafu ya karo, vile vigae vyeupe. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa ndizi, nikaita. Binti yangu alitokea upande wa pili, akaniona, akakimbia moja kwa moja, akakata katikati ya sebule bila kutazama chini, akanirukia. Nilimkumbatia nikilia, na mama mkwe akadhani ni furaha.

Jioni nilirudi Kasulo. Nilipoingia chumbani kulala, nilishtukia mgongo wangu uko ukutani.