London–Stockholm ni saa mbili na nusu tu? Mie Alasiri ya Sweden ilinitoa jasho

Wakuu, salaam. Hiki kimenikuta mwenyewe, sitii chumvi, na mashahidi wapo.

Mie naishi Hayes, kando ya Heathrow, ndege zinapita juu ya paa langu kutwa. Kazi yangu warehouse ya mizigo ya airport. Basi mambo ya ndege najiona profesa!

Mdogo wangu Rayyan alikuwa anaolewa Stockholm. Baba yetu alishafariki, na kabla hajaondoka alinishika mkono akaniambia, "Rayyan utamuozesha wewe." Kwa hiyo wali wa ndoa ni mimi. Ndoa ikapangwa Jumamosi moja ya Disemba, baada ya Alasiri.

Nika-google. London mpaka Stockholm ni kilomita elfu moja mia nne na ushee, hewani saa mbili na nusu hivi. Nikacheka. Siku ya traffic, kwenda Tooting, humuhumu London, kwa mama mkwe nachukua karibu muda huohuo.

Nikakata tiketi ya asubuhi ileile. Mke wangu akauliza, "Kwa nini usiende Ijumaa?"

Nikamwambia Ijumaa nina shift, na Alasiri iko mbali.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Alasiri niliyoihesabu ni ya London! Kule winter jua linachungulia tu, linarudi kulala, na saa zao ziko mbele yetu. Wao wanasali Alasiri, sisi huku ndio kwanza tunatia udhu wa Adhuhuri.

Natua, nawasha simu, missed calls kibao. Ami Salim, mdogo wake baba, anafoka: "Uko wapi? Tumeshasali, watu wamejaa!"

Mie niko kwenye foleni ya pasipoti, haisogei.

"Basi nipe uwakala kwa simu, nimuozeshe mimi. Sheikh kasema inajuzu."

Kweli inajuzu. Lakini nikamwambia, "Ami, nisamehe sana. Hili nimeachiwa mimi. Nakuja." Akanikatia simu.

Lisilo budi hutendwa, wakuu. Kanzu nimeivalia chooni kwenye treni. Kutoka stesheni nimekimbia na makubadhi kwenye theluji, watu wananikodolea macho. Nikaanguka, nikanyanyuka, nikaendelea. Liwalo na liwe, lakini mie nafika!

Naingia msikitini, bwana harusi kakaa, na mbele yake kakaa Ami, mahali pangu. Nikajua wameshaozesha.

Ami akanitazama kwa hasira. "Nenda kwa mdogo wako. Nimemwendea mara mbili kumwomba idhini, hataki kunijibu."

Allahu Akbar! Nikapelekwa chumba cha wanawake. Nikakaa mbele ya Rayyan, nikamuuliza kama inavyotakiwa. Akabaki kunitazama usoni. Mashangazi wakaanza kunong'onezana. Nikauliza tena, "Umeniruhusu nikuozeshe?"

"Nimekuruhusu, kaka. Ila futa machozi kwanza, shemeji yako asije akadhani hutaki kunitoa."

Funzo langu: zile saa mbili na nusu ni za ndege, si zako. Ukiwa na jambo la kwenu, kalale hukohuko tangu jana yake, na uangalie nyakati za sala za unakokwenda.

Ami bado kaninunia. Na nyie mnaoona ningempa uwakala yaishe, haya, njooni tubishane hapa chini.