Julai Niliyofunga kwa Uoga

Julai kwetu Wakatoliki ni mwezi wa Damu Azizi ya Yesu. Jumuiya yetu hapa Mji wa Kale ni ndogo, wanawake wanane na mzee mmoja asiyekosa, na mwezi huo tunasali kila jioni nyumbani kwa mmoja wetu. Kitambaa chekundu mezani, msalaba, mshumaa, rozari, halafu litania. Msomaji anaitaja Damu ya Kristo kwa kila sifa yake, na sisi tunaitika "utuokoe". Mwaka ule msomaji nilikuwa mimi, tena ndimi mwenyekiti. Na mimi, haki ya Mungu, damu naiogopa kuliko kitu chochote hapa duniani.

Sifanyi mzaha. Kuku akichinjwa, mimi natoka nje na kuziba masikio. Nilishawahi kuzirai kwenye foleni ya chanjo, mtu mzima mimi, mbele ya watoto wa chekechea waliokuwa wamedungwa tayari na wanalamba peremende zao. Lakini damu ya kwenye kitabu haina harufu wala haitiririki, basi nilikuwa naisoma kwa sauti nzito ya kanisani mpaka watu wakanisifu eti nina uchaji.

Mwaka huo huo, Julai ikiwa bado changa, dada yangu alilazwa. Huyu ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki alinichukua kutoka Kaloleni nikiwa sijaanza shule, tukaja Mombasa, akafua nguo za watu hadi nikajua kusoma. Mpaka leo tunaishi chumba kimoja, ghorofani kwa mama wa Kiarabu ambaye ukoo wake uko mtaa huu tangu enzi za mababu. Kumbe dada alikuwa na uvimbe kwenye kizazi na miezi mingi akitokwa na damu kimya kimya, anafua vitambaa vyake kabla sijaamka. Jumapili moja tulipotoka misa alianguka kwenye ngazi za kanisa.

Hospitalini daktari hakuzungushazungusha maneno. Damu mwilini imebaki kidogo mno. Upasuaji Ijumaa, na lazima aongezewe damu kwanza. Damu ya kundi lake ilikuwa mifuko michache tu katika akiba, na hawakuthubutu kuimaliza pasipo watu watatu wa kuijazia, wa kundi lolote. Bila watu hao, upasuaji hakuna, na bila upasuaji dada atazidi kutoka damu mpaka imalizike. Alisema hivyo akinitazama mimi.

Jumatatu nikapiga moyo konde nikaenda. Muuguzi alikuwa binti mpole, akaanza kunihoji: umewahi kuugua hiki, umewahi kuugua kile? Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Nikaona mwanamume amelala kitandani na mrija mwekundu unatoka mkononi mwake, na ule mfuko pembeni unatikiswatikiswa, umejaa. Nikageuza uso ukutani.

"Nimemaliza dawa za malaria juzi," nikasema.

Uongo mtupu. Mara ya mwisho kuugua malaria sikumbuki hata ni lini.

"Basi mama, huwezi kutoa kwa sasa. Tafuta wengine."

Nikamshukuru! Hebu fikiria, nilimshika mkono nikamwambia Mungu akubariki. Nikatoka pale nikitembea kwa haraka kama mtu aliyeiba, nikapita wodi ya dada bila kuingia, nikajikuta nimefika karibu na Makupa na sijui naelekea wapi.

Jioni tukasali kwa mama mmoja anayeuza mboga Marikiti, mwanamke mwenye kifua cha kubeba gunia na mdomo usiolala. Tulipomaliza litania akapiga makofi. "Jamani, si twende kesho sote tukatoe hiyo damu? Mwenyekiti atuongoze. Litania tutaisoma huko huko kwenye foleni!"

Wakacheka, wakakubali papo hapo. Nikienda nao, yule muuguzi atanitambua na kuniuliza habari za malaria mbele ya jumuiya nzima, na wao wanajua sijaumwa. Nikafungua mdomo, na maneno yakatoka matamu ajabu. Nikasema tusikimbilie. Huu ni mwezi wa Damu Azizi, tutayarishe roho kwanza. Tufunge siku tatu, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, maji tu mpaka jua lizame, kisha Ijumaa asubuhi twende na sadaka iliyotimia.

"Amina," wakasema. Yule mama wa Marikiti akaniambia, "Wewe imani yako si ya mchezo."

Imani gani? Nilikuwa nataka siku zipite tu. Nilidhani labda kabla ya Ijumaa kutatokea kitu, sijui kitu gani, cha kuniponya mimi. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mtu mwenye njaa hatolewi damu. Kwetu sisi kufunga kunaongeza nguvu kwenye kila jambo jema.

Siku hizo sizitamani tena. Kila nikienda wodini dada amekuwa mweupe zaidi, midomo, kucha, mpaka ndani ya macho. Aliniuliza swali moja tu, "Watu wamepatikana?" Nami nikajibu, "Wapo, dada, Ijumaa." Nikirudi nyumbani silali, nasikiliza simu. Ikilia naiogopa, isipolia naiogopa zaidi. Ijumaa alfajiri nilifunga kilemba mara tatu na bado kikakaa upande. Mama mwenye nyumba alikuwa ameamka kwa swala, akaniona kwenye ngazi, akanivuta jikoni kwake. "Mwanangu, huna rangi. Kula." Nikala mahamri mawili na chai ya maziwa. Mimi, mwenyekiti, niliyewafungisha wenzangu.

Saa tatu asubuhi tulikuwa hospitalini, wanawake sita wenye vilemba vyekundu. Nikajificha nyuma kabisa. Muuguzi ni yule yule. Akampima presha wa kwanza, akakunja uso. Akampima wa pili.

"Mmekula nini leo?"

"Tumefunga," mama wa Marikiti akajibu kwa fahari. "Leo siku ya tatu."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akasema hamtoi damu mtu aliye katika hali hiyo, ataanguka. Wale, wanywe maji, wapumzike, warudi kesho. Mama wa Marikiti akainuka kubishana, akayumba, akakaa sakafuni mzima mzima. Tukampepea na leso. Na hapo hapo daktari akatoka wodini kunitafuta. Dada ametokwa na damu nyingi tena asubuhi hiyo. Kesho ni mbali, alisema. Saa tisa anataka kuingia chumba cha upasuaji, na wale watu watatu wako wapi?

Nikawatazama wenzangu. Nilihisi baridi imeniingia mpaka kwenye meno. Nimemuua dada yangu kwa maneno matamu, ndivyo nilivyowaza, na wenzangu wanashika rozari wakidhani ni majaribu ya shetani.

Ndipo mama mwenye nyumba akaingia na chupa yake ya uji, amekuja kumtazama mgonjwa. Akakuta tumetapakaa kwenye viti kama nguo zilizoanuliwa. Tukamweleza.

"Lahaula! Damu na njaa wapi na wapi? Hata sisi mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula. Nyinyi mwatoa damu, mwajinyima chakula?" Akatoa simu, akawapigia wana wa nduguye wawili. Wakisha kuswali Ijumaa, waje moja kwa moja, na atakayekataa asikanyage kwake tena. Kisha akahesabu kwa vidole. "Hao wawili. Wa tatu..." Akanigeukia, uso wake umejaa wema mtupu. "Wa tatu si wewe? Wewe si umekula kwangu leo alfajiri?"

Macho yote yakanigeukia. Mama wa Marikiti, pale sakafuni, alinitazama kwa muda mrefu sana, na nilitamani anitukane.

"Nimekula," nikasema.

Nikaenda kwa muuguzi. Alinitambua mara moja. "Wewe si ndiye wa malaria?"

"Sikuwa na malaria. Niliogopa sindano, nikakudanganya."

Nilisema kwa sauti, wote wakasikia. Muuguzi hakunigombeza. Akanisogezea fomu na kuniambia nikunje mkono wa gauni. Presha yangu, bila shaka, ilikuwa juu. Ilibidi nikae robo saa nikipumua mpaka ishuke, na kila dakika ya hiyo robo saa nilitaka kukimbia. Mlango ulikuwa hatua tatu tu. Sindano ilipoingia nilipiga kelele, sitaficha. Nikafumba macho, nikasikia mkono wangu ukipoa na kitu kinachuruzika kutoka kwangu. Nje, wenzangu wenye njaa wakaanza litania bila msomaji, nami nikaitika "utuokoe" huku nalia makamasi. Wale vijana wawili walifika na kanzu zao saa nane kasoro, wakatoa wakizungumza habari za mpira.

Saa tisa dada akaingizwa. Alitoka jua likizama, hai.

Wenzangu walinisamehe, isipokuwa mama wa Marikiti, ambaye alininunia hadi Agosti, na ana haki. Uenyekiti niliuacha mwenyewe. Lakini deni kubwa lilikuwa kwa dada, na Jumatatu iliyofuata, alipoweza kukaa na kunywa supu, nilimwambia yote. Nilimwambia habari za malaria, za mfungo, za mahamri. Nilisema nikitazama bakuli.

"Ya malaria naijua," akasema.

Nikainua uso.

"Yule binti alipita jioni ile ile, akanipa pole, ati mdogo wangu katoka kuugua malaria. Mimi nalala nawe chumba kimoja."

"Siku zote hizo ulijua? Mbona hukuniambia kitu, dada?"

Akanirudishia bakuli taratibu, mikono bado haina nguvu.

"Ningekuambia ungeona haya, ukaacha kuja. Na mimi nilikuwa naogopa kufa peke yangu."