Kofi Moja, Simama

Hebu nikuulize: unarudisha lori nyuma, unasikia kishindo kimoja huko usikokuona. Utasimama au utaendelea? Mama mdogo alisimama. Wakamfelisha.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na kabla hajashika usukani alikuwa utingo wa lori la matofali. Utingo hapakii na kushusha tu, yeye ndiye macho ya dereva. Lori likirudi nyuma, husimama ubavuni na kupiga bodi kwa kiganja: kofi moja, simama, makofi mawili, twende. Pale yadi ya matofali wana msemo wao: asiyesikia bodi huvunja guu la mwenzake. Wanausema kwa kicheko, lakini mlinzi wa getini anachechemea, na kila mtu anamjua dereva ambaye hakusikia.

Baadaye alipewa pikapu ya yadi. Sasa mwenye yadi ameiuza, akanunua lori la tani saba, na akamwambia waziwazi: "Mama, leseni yako ni ya gari dogo. Kesho kutwa lori linaanza kazi. Ukija na leseni ya lori, ufunguo ni wako. Usipokuja nayo, mpwa wangu anayo tayari."

Nikamsindikiza kwenye mtihani. Alama za barabarani alizijibu zote. Barabarani aliendesha kwa utulivu mpaka mtahini akapiga miayo. Kikabaki kipande kimoja: kurudi nyuma katikati ya safu mbili za mapipa, kwa vioo tu.

Ng'ambo ya uzio wa uwanja ule kuna fundi wa matairi. Lori lilipoanza kurudi, fundi akashusha nyundo kwenye ringi. Kang! Breki. Mama mdogo akatazama vioo, akaanza tena. Kang! Breki tena.

Watahiniwa waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. "Mama Breki! Shuka, mama, umeshafika!"

Mtahini, mzee mfupi mwenye filimbi shingoni, akatikisa kichwa. "Kusimama bila sababu ni kosa. Mara mbili, umefeli."

Hapo nikamvaa. Nikamwambia mtu amefundishwa kusimama kwa kofi la bodi ili mwenzake aishi, halafu ninyi mnamwadhibu! Mnataka barabara zijae madereva viziwi?

"Kijana," akanijibu, "hapa hatutoi leseni ya hotuba. Arudie kesho asubuhi, kipande hiki tu. Na wewe ukija, njoo na mdomo uliofungwa."

"Msamehe, baba," mama mdogo akasema huku akinivuta shati. "Ni shahada hiyo ya chuo kikuu. Bado mbichi, inamwasha."

Jioni, jikoni kwetu, alikaa kwenye kigoda, mfuniko wa sufuria ukiwa usukani. Mama alisimama nyuma yake na sinia na mwiko. Kila mwiko uliposhuka, mguu wa kulia wa mama mdogo ulikandamiza sakafu.

"Dada, nawe unapiga kwa hasira!"

"Nikubembeleze? Nyundo itakubembeleza kesho?" Kang!

Mguu ukashuka. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

"Siwezi," mama mdogo akasema. "Nikizoea kupuuza, iko siku kishindo kitakuwa ni cha mtu."

Nikashauri pamba masikioni. Akanitazama kama niliyemtukana. "Dereva wa kuziba masikio? Si wewe uliyekuwa ukiwapigia kelele madereva viziwi?"

Mama alikuwa amechoka. Badala ya sinia akagonga mguu wa kigoda chenyewe. Mama mdogo akaruka.

"Hiyo! Rudia." Mama akarudia. "Hiyo imenipanda kiunoni. Kofi la bodi linapita kwenye kiti, dada. Nyundo inapita dirishani."

Wakaanza upya, sinia na kigoda, bila mpangilio. Mara nyingi mguu ulitulia kwa sinia na kushuka kwa kigoda. Lakini si mara zote, na hizo chache ndizo nilizolala nazo.

Asubuhi iliyofuata nilisimama kando ya uwanja, mdomo nimeufunga. Mama mdogo akaweka gia, lori likaanza kurudi. Kang! Taa nyekundu za nyuma zikawaka. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua zilikuwa zimezimika, na lori lilikuwa bado linatembea. Halikuwa limesimama. Kang! Likaendelea, polepole, kama mtu anayepita mlangoni na mtungi kichwani.

Ndipo tairi likamponyoka fundi. Likapita kwenye pengo la uzio, likaja likibingirika moja kwa moja nyuma ya lori, na fundi mwenyewe akilikimbilia, ameinama, haoni lolote ila tairi lake. Mtahini alikuwa karibu na lori kuliko mimi. Hakugusa filimbi. Aliruka hatua moja akapiga bodi kwa kiganja, pa!

Lori likaganda. Fundi akapita nyuma yake, akalidaka tairi, akainua kichwa na kuliona lori lile juu yake kwa mara ya kwanza.

Mtahini alitazama mapipa, akamtazama mama mdogo kwenye kioo. Kisha akainua tena mkono, akapiga bodi, pa, pa, na lori likarudi taratibu mpaka mwisho wa mapipa.