Mwanamke Aliyeniletea Kibati cha Mpira

Wasioniamini ni wengi, na wa kwanza wao ni mume wangu mwenyewe. Lakini ni mimi niliyekuwepo, jikoni kwangu hapa Msambweni, akili zangu timamu. Wallahi sikuota. Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, na alama ya siku ile ninayo kinywani mpaka leo.

Nianze na kibati, maana bila hicho hakuna kisa. Mume wangu Bakari alikuwa akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Diani. Mzungu aliyekuwa akioka keki pale alipomaliza mkataba wake, alimwachia zawadi: kibati cha kuokea kilichotengenezwa kwa mpira. Ndiyo, mpira! Chekundu, chenye nakshi ya ua, ukikikunja chakunjika, ukikiachia charudi. Ati chaingia kwenye joto na hakiyeyuki, hupaki mafuta wala hutandiki karatasi, na keki yatoka yenyewe. Mzungu alikiita silikoni. Sasa, Bakari alikuwa na wake wawili: mimi mkubwa, wa Msambweni, na Mwanasha wa Ukunda, aliyeolewa juzi tu. Haya, niambie, kibati kilikwenda kwa nani?

Kilikwenda Ukunda. Na si kibati peke yake. Kule kulikuwa na jiko la gesi lenye oveni, mimi huku napuliza makaa. Bakari alisema hakunipa kwa sababu sina oveni. Sawa, lakini oveni nani aliyeninyima?

Nilikuwa na wivu, sifichi wala sioni haya. Mke gani hana? Kitu kimoja tu nilichomshindia yule binti kilikuwa mkate wa kumimina. Mchele nauroweka, nausaga na tui zito na iliki, nauacha uumuke, kisha naupika kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama tulivyofunzwa na mama zetu. Hakuna harusi ya ukoo wa Bakari iliyopita bila mkate wangu. Mwaka ule binti wa wifi yangu alikuwa anaolewa kule Gazi, na mama mkwe akaanza maneno: mikate ya Mwanasha yatoka na ua juu yake, haina hata mkwaruzo. "Pikeni nyote wawili," akasema, "tuonje, kisha tuchague." Mimi! Nifananishwe na mtoto aliyekuja jana! Tangu hapo kile kibati nikawa nakiwaza kuliko nilivyomuwaza mume.

Siku ya kuonjesha ilipokaribia, mchana wa saa saba, watu wamejifungia ndani kwa joto, nikasikia hodi. Wadhani majini ni wa usiku tu? Sisi wa pwani twakatazwa tangu utotoni kuzurura jua la utosi, na si kwa ajili ya jua. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, buibui safi, anukia udi. Akatoa salamu kamili, nami nikaitikia.

"Wewe ndiwe mke mkubwa wa Bakari?"

"Ndimi. Karibu ndani."

"Nimetumwa nikuletee haki yako."

Akakitoa chini ya buibui. Kibati chekundu, chenye ua. Niamini, nilikipokea kwa mikono miwili. Sikumwuliza jina lake wala nani aliyemtuma. Nilijua ni Bakari, amejuta, amemnyang'anya yule akanipa mimi. Raha niliyoisikia haikuwa ya mkate hata kidogo, ilikuwa ya kumuwazia Mwanasha akipekua kabati lake asikione. Wewe ungeuliza?

Akaniambia nioke pale pale, naye aone. Mchele wangu ulikuwa umeshaumuka. Nikamwuliza kama kibati chaweza kustahimili makaa. Akacheka. "Mikono yako yaujua moto kuliko mimi, bibi." Basi nikamimina, nikakitua juu ya makaa, nikafunika kwa bati, nikapalia makaa juu. Kwetu mkate hupikwa hivyo. Nani angefanya vingine?

Haukupita muda moshi ukaanza. Ulikuwa mweupe, mwembamba, si ule mweusi wa ndara zikiungua. Nikanyoosha mkono niepue, yule mgeni akanishika. "Acha," akasema. Vidole vyake vilikuwa laini kupita kiasi, nikavitafuta mifupa nisiione. Akainama, akauvuta ule moshi kwa pua na kwa mdomo, macho kayafumba, kama mtu aliyeshinda na njaa. Na kadiri alivyouvuta, ndivyo nilivyohisi kitu chanitoka kinywani, mpaka ulimi ukafa ganzi wote.

Aliposhiba akauinua mkono wake wa kulia, akaubonyeza kiganjani kwa kidole, ukapinduka. Nasema ukapinduka, ndani ukawa nje, kama upinduavyo kibati ili mkate utoke. Akaurudisha, akaufunika kwa buibui. "Ahsante, mke mkubwa. Hakuna aliyekitaka kama wewe." Akatoka. Nami nikapata miguu, nikakimbilia nje. Njia ilikuwa tupu mpaka mwisho, na mchangani hamkuwa na nyayo ila zangu.

Ndani, mkate ulikuwa mkaa. Kibati nacho kilikuwa kimegeuka unga mweupe kama chokaa. Mpira gani huo uunguao ukawa mweupe?

Bakari alipokuja Ijumaa aliapa hakumtuma mtu, na kibati cha Mwanasha kilikuwa mahali pake, kizima. Nikamwonyesha ule unga. Akauchota, akausugua vidoleni. Kisha akasema silikoni ndivyo iunguavyo. Mzungu aliwaonya kwamba chombo kile ni cha oveni, joto la kipimo, hakitaki kukutana na moto uso kwa uso. Nimelewa moshi, akasema, hayo mengine nimeyaona kwa wivu. Nikamwuliza: kama hukukileta wewe, hiki kilichoungua kilitoka wapi?

Mkate wa kuonjesha niliupika kwa sufuria yangu ya siku zote. Nilipouonja mchele kabla ya kuumimina, sukari kinywani ikawa kama mchanga. Nikaitia kwa kukisia. Kule Gazi mama mkwe akamega, akatafuna, akakiweka kipande taratibu, akaniuliza hali ya watoto. Bora angenitukana. Harusi ikapikiwa na Mwanasha.

Ulimi haujarudi. Nimesomewa, nimekwenda hospitali, nimepewa vya kunywa na vya kufukiza. Asali, chumvi, shubiri, kwangu mimi ni kitu kimoja.

Basi wewe unayenisikiliza, siku hizi vibati hivi nasikia vimejaa madukani. Nitasema kweli japo yaniuma: ni vizuri. Mwanasha amekitumia chake miaka na miaka, akikitua juu ya sinia kwa sababu chalegea kikijaa, wala hakijamletea harufu wala ugonjwa. Kama una oveni, nunua. Kama una makaa, baki na sufuria yako. Na mtu usiyemjua akija mchana kukuletea kile hasa ulichokuwa ukikionea kijicho, usikipokee. Mwulize kwanza yeye amefuata nini.

Bakari amezeeka, ametuweka wake zake ua mmoja. Watu wachache bado waniagiza mkate kwa ajili ya jina langu la zamani. Kabla sijaumimina, sina budi kumwita mke mwenzangu aje anionjee. Huja, hutia kidole, hulamba, hunitazama usoni. "Ongeza sukari, dada," husema. Nami huongeza. Nitajuaje kama asema kweli?