Nyumba Isiyosalimiwa Ng'ambo ya Nkololo

Habari kwamba mama mdogo hasalimiwi niliipata kwa mchuuzi wa ng'ombe aliyepita Lalago, akaja kibandani kwangu nimshonee mfuko wa suruali uliotoboka. Aliyasema hayo akiangalia sindano, wala hakuniangalia mimi. Nilipomwuliza kosa lake ni lipi, akajibu kwamba yeye ni mpita njia tu, akachukua suruali yake kabla sijakata uzi.

Kwa msomaji wa mbali huenda hilo likaonekana jambo dogo. Kwetu Usukumani salamu ni ndefu kuliko shauri lenyewe. Utaulizwa watoto, ng'ombe, mvua na mgongo wako kabla hujaulizwa ulichofuata. Mtu akinyimwa salamu na kijiji kizima, ananyimwa pia kaa la moto, nafasi kisimani na mikono ya kumzika. Na akiwa mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu, mambo hayaishii hapo. Wengine hukutwa asubuhi wamekufa, na hakuna aliyesikia kitu.

Mama mdogo, jina lake la ubatizo Rozalia, ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Nilikusudia kwenda kumchukua nimlete Lalago, basi. Lakini kwa kuwa nawaandikia pia watu wa nyumbani, sina budi kusema na jingine. Tangu binti yangu Kabula alipokufa kwa homa, masika yaliyotangulia, nilikuwa sisali. Jumapili nilikwenda kanisani kwa kuogopa midomo ya watu, nikachezesha mdomo wangu tu.

Jumanne asubuhi niliondoka Lalago juu ya lori la pamba. Msimu ulikuwa umekwisha, na magunia yale yalikuwa ya mwisho kupelekwa kuchambuliwa Maswa. Nilikuwa na kapu la unga, viberiti kumi na viwili, na gauni la kitambaa cha marekani nililomshonea kwa kukadiria. Utingo aliponiuliza niendako nikamtajia kijiji. Tulipokaribia Maswa ndipo aliponiambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilimwambia kwamba methali ni rahisi kwa asiye na mgonjwa. Hakucheka.

Maswa nililala kwa fundi mwenzangu, na Jumatano nikapata lori la mfanyabiashara wa chumvi hadi Bariadi. Njia nzima watu walikuwa wameng'oa miti ya pamba wakaichoma mashambani, kama kawaida ya wakati ule. Moshi ulitanda hata jua la saa nane likawa jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba jicho. Nimeuona moshi huo miaka yote ya maisha yangu. Siku ile sikuupenda.

Alhamisi nilitoka Bariadi kwa miguu kabla ya mapambazuko, nikafika Nkololo saa tano. Nilikwenda moja kwa moja kwa katekista, mzee mwenye mguu uliovimba, aliyekaa mlangoni ameuegemeza juu ya kinu. Yeye ndiye aliyenifungulia habari yote. Zamani kijiji cha mama mdogo, kilichoko ng'ambo ya Nkololo, kilikuwa na Wakristo saba waliosali pamoja alfajiri nyumbani kwa mama mdogo. Wengine walihama na mifugo kutafuta malisho, wengine walifariki, akabaki yeye. Basi wanawake waliokuwa wakienda kisimani alfajiri walianza kusikia maneno ndani ya nyumba yake. Alikuwa akitaja majina yao, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila jina anasogeza kitu mkononi. Siku chache baadaye Masunga, mtoto wa kiume wa Ngasa, aliugua akafa. Jina lake lilikuwa limesikika. Na Ngasa huyo ndiye nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa kijiji, ambaye akikataza jambo limekatazwa. Yeye ndiye aliyekataza salamu. Jumamosi kungekuwa na mkutano wa kuamua la mwisho.

Nilimwomba katekista twende wote. Akanionyesha mguu. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Ukifika kule usimwite mtu kwa jina. Watakupiga."

Saa tisa alasiri niliingia kijijini, na hapo ndipo nilipoelewa. Kulikuwa na watu tele, lakini hapakuwa na kelele za kuitana. Mama akimtaka mtoto alipiga mluzi. Mzee akimtaka mkewe alipiga makofi mawili. Kila nyumba ilikuwa na mluzi wake, mmoja mfupi, mwingine mrefu, na watoto walijua upi ni wao, wakakimbia vichwa chini. Nilisema, "Mwadila," salamu ya mchana, kwa wanaume wanne waliokuwa wakichonga mipini ya majembe. Wakaendelea kuchonga. Mwanamke mmoja alitua mzigo wake wa kuni akanipa mgongo mpaka nikapita. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Pale mgeni ndiye aliyetamani kupona. Sioni haya kusema kwamba nilitazama chini kuhakikisha bado nina kivuli.

Njia ya kwa mama mdogo ilikuwa imewekewa matawi ya miiba, na mbele ya miiba mstari wa majivu. Niliuvuka. Yeye alikuwa ameketi ndani ya ua wa minyaa akipuliza moto wa mavi makavu ya ng'ombe, ambao hakuthubutu kuuacha uzimike kwa kuwa hakuna ambaye angempa kaa. Moshi ulikuwa ukimwingia usoni mchana kutwa. Macho yale waliyoyaogopa yalikuwa mekundu kama ya mpishi yeyote.

Alinisalimu. Sijawahi kusalimiwa vile. Aliniuliza mke wangu, cherehani yangu, paa la nyumba, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, ng'ombe tuliyeuza zamani. Na kila nilipojibu alifumba macho kidogo, kama mwenye kiu anayenyweshwa maji. Nikaona uchungu mkubwa. Nilipompa viberiti aliviweka kifuani akasema wabeja, ahsante, mara nyingi mno.

Nikamwambia tunaondoka kesho. Akakataa. Nikamweleza habari za Jumamosi, ambazo alikuwa anazijua kuliko mimi. Akasema akiondoka watasema kumbe ni kweli, na mjane mwingine mwenye macho mekundu atakayebaki ndiye atakayelipa. Niligombana naye, Mungu anisamehe, kwa sauti iliyowafanya watu wa nje ya ua waache kupiga miluzi.

Ijumaa alfajiri niliamshwa na sauti. Nilikuwa nimelala chumba cha nje, na katikati yetu palikuwa na ukuta mwembamba wa udongo. Sauti haikuwa ile niliyoijua. Ilikuwa nzito, ya polepole, isiyopanda wala kushuka. Ilitaja jina la mtu, ikanyamaza, kikasikika kitu kikigongana, ikataja jingine. Nilikuwa naelewa kila neno, lakini nywele zilinisimama. Mchanganyiko wa giza lile na majina yale ulinifanya niamini, kwa muda wa pumzi kama kumi, kila kitu walichokuwa wakikiamini wale wachonga mipini. Halafu sauti ikasema, "Masunga, mtoto wa Ngasa, aliyelala. Na Kabula, mtoto wa mwanangu, aliyelala. Wapokee pamoja."

Nilisukuma mlango. Alikuwa amepiga magoti kwenye ngozi ya ng'ombe, mkononi ana rozari ya mbegu nyeusi aliyoitunga mwenyewe, vidole vyake viko kwenye punje moja. Hakugeuka mpaka alipomaliza kijiji chote.

Ndipo alipoketi akanieleza. Wenzake walipokwisha kuondoka, alikaa siku nyingi akiamka bila kujua anaamkia nini. Alisali lakini maneno yakamwangukia mapajani. Basi akaipa kila punje ya rozari nyumba moja, ili kila siku awe na watu wa kwenda kuwaona. Hata walipokataza salamu hakuona sababu ya kubadilisha.

"Wao hawanisalimii," alisema. "Mimi nawasalimia kwa Mungu. Nikifika kwenye punje ya mwisho, nina nguvu ya kuchota maji."

Nikamwuliza kwa nini asiwaambie hivyo. Akanitazama kama anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Nimwambie nani? Nani ananijibu?"

Nikamwuliza pia kwa nini Kabula na mtoto wa Ngasa wako punje moja. Akasema ni kwa sababu walikufa masika yale yale, na baba zao wote wawili wamefunga midomo.

Saa mbili asubuhi niliondoka kurudi Nkololo, nia yangu nimbebe katekista hata kwa baiskeli ya kuazima, aje awaeleze watu mkutanoni. Sijafika mbali nikahisi nyuma yangu kuna mtu. Alikuwa mwanamume mpana, shoka begani. Nilipoongeza mwendo akaongeza. Nilipopunguza akapunguza. Nilisema, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, bila kugeuka. Kimya. Tulikwenda hivyo zaidi ya saa nzima, katikati ya mashamba yanayotoa moshi, hatua zake zikiangukia hatua zangu. Nilijaribu kusali nikagundua nimesahau pa kuanzia. Nikahesabu vifungo vya shati langu.

Saa tatu na nusu hivi tulifika kwenye kijito kikavu ambacho ndicho mpaka wa kijiji. Nikavuka mchanga. Naye akavuka. Alipokanyaga ng'ambo akashusha shoka akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwangaluka."

Alinisalimu salamu yote, mpaka na ng'ombe. Kisha akasema yeye ni Ngasa, na kwamba katazo alilolitoa ni la upande ule wa kijito. Nikajibu kwamba nami ni mtoto wa Rozalia. Akasema anajua, jana alinisikia nikigombana.

Alikaa juu ya shina lililoanguka, akachimbachimba mchanga kwa mpini.

"Mama yako bado anamtaja mwanangu?"

Nilijua kwamba nikikosea jibu mama mdogo hafiki Jumapili. Nilifikiria uongo. Nilikuwa na uongo mzuri, tayari umekwisha kushonwa. Lakini nikamwambia kweli: anamtaja kila alfajiri, hajaacha siku moja.

Shoka lilitulia. Akauliza, "Anamfanyia nini huko?"

"Anamwomba Mungu ampokee. Amemweka pamoja na binti yangu."

"Binti yako yuko wapi?"

Nikasema, "Kabula amekufa." Yalikuwa maneno mawili, lakini sikuwa nimepata kuyatamka mbele ya mtu tangu tumzike. Nililia pale mbele ya mtu mwenye shoka, na sikuona aibu.

Ngasa hakulia. Alisema kwamba tangu wamzike Masunga hakuna anayetamka jina lake nyumbani, hata mama yake, kwa hofu. Alidhani jina hilo limekwisha duniani. Akaniuliza kama mimi pia ninawataja watoto hao katika sala. Nikamjibu kweli nyingine, kwamba sitaji mtu, nimeacha. Akasema, "Basi nawe umtaje mwanangu. Mmoja akichoka mwingine yupo." Nikamwahidi.

Aliniambia nirudi, nimwache katekista, mzee wa watu, na mguu wake. Kesho yeye Ngasa atasema mwenyewe mkutanoni.

Jumamosi saa nne mkutano ulikaa. Ngasa alisimama akasema katazo lilitoka kwake kwa ajili ya mtoto wake, na kwa ajili ya mtoto wake analiondoa. Asiyependa kutajwa akamwambie Rozalia mwenyewe, atatolewa. Palikuwa na manung'uniko mengi. Wazee wawili waliondoka wakitema mate, na sidhani kama wamebadilika hata leo. Lakini jioni mke wa Ngasa alikuja mpaka mlangoni, amebeba kaa la moto juu ya kigae, ingawa viberiti vilikuwepo. Mama mdogo alilipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuja kusema anataka kutolewa.

Jumatatu niliondoka peke yangu. Gauni lilikuwa limembana mabegani, nikalipanua kwa mkono kabla ya kuaga. Nilimsihi mara ya mwisho aje nami, akaniuliza nani atakwenda kwenye zile nyumba. Wakati natoka kijijini mama mmoja alimwita mtoto wake kwa jina, kwa nguvu, na watu wengi wakageuka kutazama kama litatokea jambo. Mtoto akaja.

Jumatano nilikuwa Lalago. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa mama mdogo, na nimejifunza kwamba yeye alikuwa akinibeba mimi kila alfajiri bila mimi kujua. Imani yake haikumwondolea moshi wala woga. Ilimpa tu pa kwenda kila kunapokucha. Nami sina rozari ya mbegu. Alhamisi nilipiga magoti karibu na cherehani, sikuweza kusema kitu. Ijumaa nilimtaja Masunga kwanza, kwa sababu nilimwahidi baba yake. Baada yake ndipo nilipoweza kumtaja Kabula, na mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, akaitua akapiga magoti.