Phineas Amngoja Phineas

Phineas Mwakio, mtu wa Taita, alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya rangi na mafuta kule Changamwe, na tangu aajiriwe hakuwahi kuvunja sheria hata moja. Wenzake walimcheka, yeye aliona fahari. Aliyemtangulia alifukuzwa mwaka wa 1959, baada ya makarani wawili kuingia stoo kwa pamoja, kila mmoja akamwandikia mteja wake pipa lile lile, na malori mawili yakaja kuligombania mlangoni.

Ndipo meneja, Mzungu aliyependa sana kuandika, akabandika karatasi ukutani. Stoo iwe na ufunguo mmoja. Anayeuchukua atie sahihi kitabuni, na mwingine yeyote anayeutaka akae benchini mpaka wa kwanza amalize kazi yake na kufuta sahihi. Tena, kengele ya langoni ikilia, mtunza stoo aache chochote anachofanya na aje mbio, wala asiirudie kazi ya kwanza kabla hajaimaliza shughuli ya kengele. Akaisaini karatasi, akapanda meli kwenda likizo kwao, asirudi tena.

Jumanne moja ya mwaka wa 1961, saa nne asubuhi, Phineas alitia sahihi, akaingia kupanga makopo ya rangi. Yuko juu ya ngazi, kengele ikalia. Akashuka mbio. Langoni alisimama Odhiambo, dereva wa lori, ametumwa mapipa sita ya mafuta ya taa.

Phineas akafungua kitabu ili auchukue ufunguo kwa kazi hii mpya. Akasoma. Akakuna kichwa. Akaenda zake kukaa benchini.

"Mbona umekaa?" Odhiambo akauliza.

"Ufunguo una mtu."

"Nani?"

"Phineas."

"Phineas gani?"

"Mimi."

Odhiambo aliuona ufunguo wenyewe ukining'inia kiunoni mwa Phineas kwa kamba. "Basi si uutoe!"

"Nitautoaje, na kazi yangu ya kwanza haijaisha? Siwezi kwenda kuimaliza kabla sijakuhudumia wewe, na wewe siwezi kukuhudumia bila ufunguo." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kaa, ndugu yangu. Akimaliza atautoa."

Saa tano likafika lori la pili, dereva akapiga kengele. Phineas akaondoka benchini, akaenda langoni, akasoma kitabu, akarudi akakaa. Sasa alikuwa anajingoja mara mbili. Waridi, muuza chai, aliposikia kuna watu wamekaa tu, akahamishia jiko lake pale.

Saa sita akaja Aidarus, karani mkuu, mtoto wa Mji wa Kale, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata.

"Ni mambo gani haya, mwanangu?"

"Shikamoo, Bwana Aidarus. Tunamngoja Phineas."

Aidarus akaisoma karatasi, kisha akavaa miwani akaisoma tena. Miaka thelathini ya kusoma karatasi za mabwana, na hapa hakuona pa kupenya.

"Wallahi, uko sawa," akasema, akaketi naye.

Waridi akammiminia chai. "Na huyo mwenye ufunguo akifa je? Stoo ifungwe mpaka kiama?"

Aidarus akainuka. Chini kabisa ya karatasi palikuwa na mstari aliouruka kwa kuuona una kisirani: mwenye ufunguo akifariki, karani mkuu atafuta sahihi yake.

"Phineas, utaniwia radhi."

"Andika tu, Bwana Aidarus. Wateja wanangoja."

Akaandika: *Phineas Mwakio amefariki, saa sita na robo.* Akapiga mstari. Phineas akatia sahihi upya, akamtolea Odhiambo mapipa yake, kisha akalipakia lori la pili. Odhiambo alimpa mkono akiondoka. "Pole kwa msiba," akasema.

Ila alasiri tarishi alikisoma kile kitabu, naye alikuwa jirani wa kina Phineas.

Saa kumi na moja Phineas alifika nyumbani akakuta mikeka imetandikwa na wanawake wanalia. Akaegemeza baiskeli, akavua kofia, akakaa nyuma ya wanaume na kuinamisha kichwa. Huzuni ikamshika kweli. Akamnong'oneza mzee aliyekaa mbele yake: "Ni nani?"

"Phineas," mzee akajibu bila kugeuka. "Ghafla tu, kazini."

Mkewe, Rispa, akatokea mlangoni, macho yamevimba, akamwona. Akapiga ukelele uliowanyamazisha waliaji wote.

"Nilikufa kidogo tu, mama," Phineas akasema. "Ilikuwa kwa sababu ya lori."

Rispa hakucheka. Asubuhi alitangulia yeye kufika stoo, akauviringa ulimi wa kengele kwa leso yake, akafunga fundo.

"Akiwa na ufunguo, kengele ifungwe. Akiurudisha, ifunguliwe," akamwambia Aidarus. "Mimi sina machozi mengine."

Aidarus akayaandika hayo chini ya karatasi kama yalivyosemwa.

Siku ya kwanza Phineas aliona raha mno ndani ya kimya kile. Akapanga makopo kwa rangi, akayapangua, akayapanga kwa ukubwa, na alipotoka malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabara kuu, madereva wamepiga kengele isiyolia hadi mikono imewauma. Tangu hapo wakapatana aingie kwa kazi fupi, atoke upesi, makopo yapangwe malori yakishaondoka.

Mambo yakaenda hivyo bila mtu kufa tena. Desemba ya 1963 Rispa aliitaka leso yake aende nayo kwenye sherehe za uhuru, na kengele ikafungwa gunia.